Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Kenya: mahakama kongwe zisibomolewe kabla ya kuchorwa

Mheshimiwa Jaji Mkuu,

Kwa heshima, nakuandikia kuhusu mahakama za miji midogo zilizojengwa enzi za ukoloni. Mji ukipata mahakama mpya tunashukuru, maana watu wamechoka kusubiri kesi juani. Lakini nyumba ya zamani hugeuzwa stoo ya faili, na siku moja unapita unakuta kiwanja kitupu.

Kesi iliyoitikisa nchi hii haikusikilizwa Nairobi kwenye nguzo za mawe. Desemba 1952, Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba walisimamishwa mbele ya hakimu Ransley Thacker katika darasa la shule, Kapenguria, Pokot Magharibi, wakishtakiwa kuongoza Mau Mau. Serikali ya kikoloni ilitaka mahali pa mbali. Mawakili wao, wakiongozwa na D. N. Pritt, walilala Kitale na kupanda Kapenguria kila siku ya kesi. Tarehe 8 Aprili 1953 wakahukumiwa miaka 7 na kazi ngumu. Baadaye mwaka huohuo kesi ilibatilishwa kwa hoja kwamba Thacker hakuwa na mamlaka Kapenguria, kisha Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikairejesha. Mahali penyewe pakawa hoja ya sheria.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba nyumba ndogo haina historia. Mahakama ya zamani ya mji wetu ina paa la mabati, baraza pana mbele, na chumba kimoja cha kusikilizia kesi. Ukingo wa kizimba umelainika pale washtakiwa waliposhika, na karani huita majina akiwa mlangoni kwa sababu watu wote hawaenei ndani. Fundi aliyeipanga alijua mvua na jua la huku: barazani watu husubiri bila kulowa.

Mombasa imeonyesha njia. Mahakama ya mwaka 1902 iliyo karibu na Fort Jesus ilibaki wima, na leo ni ukumbi wa maonyesho.

Ombi langu ni moja. Toa agizo kwamba jengo lolote kongwe la mahakama lisiguswe kabla ya kupimwa, kuchorwa na kupigwa picha, nakala zipelekwe Makumbusho ya Taifa, na yanayostahili yatangazwe kuwa urithi chini ya Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006. Kazi ianzie Pokot Magharibi na Trans Nzoia.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Kitale