Dada, wageni niachie mimi

Ugonile, dada.

Nimesikia Jumamosi kuna shughuli hapo nyumbani. Ndizi zimeshaagizwa, wazee wanapanda kutoka Kyela, na wanakwaya wameambiwa waje. Mtoto amerudi kutoka hospitali Dodoma akiwa amepandikizwa uloto wa dada yake, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, siku 100 zimepita, nani asingefurahi? Hata mimi nililia alipokuwa akishuka garini. Lakini naomba shughuli hiyo isifanyike. Naandika hadharani kwa sababu najua wewe peke yako huwezi kuwakatalia. Kwetu Tukuyu, anayekuja kutoa pole harudishwi mlangoni. Basi ukoo mzima usome, na lawama ziniangukie mimi, mjomba wake.

Zile dawa kali alizopewa kabla ya kupandikizwa ziliuua uloto wa zamani ili mpya upate pa kukaa. Kumbukumbu ya kinga nayo ikaondoka. Kliniki zote ulizompeleka ukiwa umembeba mgongoni, mvua ya huko ikikunyeshea, sasa ni kama hazikuwahi kuwepo: surua, polio, pepopunda, atachanjwa upya. Chanjo zisizo na virusi hai huanza tena miezi michache baada ya kupandikizwa, daktari ndiye atakayesema lini. Ile ya surua, kwa kuwa ina virusi hai vilivyodhoofishwa, husubiri angalau miaka 2, na hapo pia ni mpaka awe ameacha dawa za kutuliza kinga. Dawa hizo bado anazimeza ili seli za dada yake zisimshambulie. Kwa hiyo mashavu kujaa na kucheka vile kusikudanganye. Damu inatengenezwa, ndiyo, lakini chembe zinazopambana na virusi huchukua miezi mingi kukomaa, wengine mwaka na zaidi.

Siku 100 watu wamezichukua kama arobaini ya mzazi, kwamba zikiisha ametoka. Sivyo. Zilihesabiwa kwa ukali, na sababu mojawapo ni kirusi kiitwacho saitomegalovirusi, kile walichokuwa wakikitafuta kila wiki walipomtoa damu. Wengi wetu tunacho tangu utotoni, kimelala, hakitusumbui. Kinga ikishuka kinaamka na kuingia mapafuni, tumboni, hata machoni. Ndiyo maana walikuwa wakipima kabla hajaumwa: kikianza kuongezeka kwenye damu, tiba inaanza siku hizo hizo. Tarehe za kupima ulizopewa usiruke hata moja, hata kama mtoto anakimbia uani. Nauli nitatoa.

Kuna kingine kilicholala, cha tetekuwanga. Unakumbuka alivyougua akiwa darasa la kwanza, tukampaka ile dawa nyeupe? Kirusi kile hakikuondoka, kimejificha kwenye mishipa ya fahamu, na kikirudi kinakuja kama mkanda wa jeshi. Mara nyingi kinarudi miezi hii tunayoingia, wakati watu wameshasahau hospitali. Asaiklovia ndiyo inayokizuia. Anaimeza kila siku kwa mwaka mmoja angalau, na mara nyingi muda huo huzidi. Shangazi atasema mtoto amechoshwa na vidonge, na ngozi yake haina hata kipele. Haina kipele kwa sababu anameza. Na mizizi atakayoletewa kwenye chupa, ipokeeni kwa heshima muiweke kabatini. Baadhi ya mitishamba huharibu kazi ya dawa za kutuliza kinga.

Hivyo viwili vinatoka ndani. Vya nje tunamletea sisi, na hapa ndipo moyo wangu unapouma, kwa sababu vinaletwa na watu wanaompenda. Mafua kwako ni kamasi za siku 3, kwake yanaweza kushuka mapafuni. Mwenye tetekuwanga anaambukiza siku 1 au 2 kabla upele haujatoka, kwa hiyo mtoto wa jirani anaweza kuingia sebuleni akiwa mzima kabisa machoni pa mama yake. Na baridi hii ya kwetu! Dodoma madirisha yalikuwa wazi mchana kutwa. Huku mwezi wa 7 tunafunga kila tundu, tunabanana jikoni kuota moto, watu 12 wakipumua hewa moja. Mgeni akija, kiti chake kiwe barazani, na mkono asimpe.

Akikaa karibu na mwenye tetekuwanga au surua, usisubiri upele. Piga simu hospitali siku hiyo hiyo. Kuna kinga ya kumpa mapema, na ikichelewa nguvu yake inapungua.

Kuhusu kichanga cha binti wa mama mkubwa, anayekaa chumba cha nyuma: akienda kliniki hupewa matone ya polio na ya rota. Ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na hutoka kwenye choo chake kwa wiki kadhaa. Mtoto achanjwe, asikose. Ila nimezungumza na mama yake, wahamie kwangu Uyole kwanza, kisha tuulize hospitali lini warudi. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama kwangu kuna blanketi za kutosha. Binamu wanaosoma shule wao wachanjwe surua kama hawajakamilisha. Chanjo hiyo kwao haimdhuru yeye, na wakikingwa wao, ugonjwa unakosa pa kuingilia.

Wazee wa Kyela nitawapigia mwenyewe leo jioni, mmoja mmoja. Nitawaambia ndizi ziliwe huko huko, wamwombee huko huko, na anayetaka kusikia sauti yake apige simu baada ya saa 10, akishaamka. Akitokea wa kununa, mwelekeze kwangu.

Ijumaa nakuja na barakoa, na kibuyu chirizi cha kunawia mikono cha kufunga pale getini, na sabuni. Nitalala kwa jirani. Mwambie mpwa wangu mpira nimeshaununua, ule wa ngozi aliouona dirishani Mwanjelwa. Asubuhi mvua ikikatika tutacheza uani, yeye na mimi tu, na wewe ukae ngazini utuhesabie magoli.