Sheria ya sumu ya vitani na familia zetu: barua ya wazi kwa Waziri wa Wanajeshi wa Zamani wa Marekani

Kwa Mheshimiwa Waziri,
Idara ya Masuala ya Wanajeshi wa Zamani (VA),
Washington, Marekani.

YAH: MADAI YA WANAJESHI WAZUNGUMZAO KISWAHILI NA FAMILIA ZAO CHINI YA SHERIA YA PACT

Mheshimiwa Waziri,

Jeshi la nchi yako lilipoanza mwaka 2009 kuandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha kwa mpango wa MAVNI, Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha ya lugha zilizotafutwa. Vijana wengine wa Afrika Mashariki na Kongo wenye kadi ya kijani (kibali cha ukaazi wa kudumu Marekani) walijiunga kwa njia ya kawaida. Wamo waliotumwa Iraki, Kuwait, Afghanistan na Jibuti, kwenye kambi ambazo taka zilichomwa katika mashimo ya wazi: plastiki, matairi, betri, taka za zahanati, kinyesi, vyote vikimwagiwa mafuta ya ndege na kuwashwa. Leo baadhi yao ni wagonjwa. Baadhi wamerudi kuishi Kenya na Tanzania. Na wapo waliofariki, wakaacha wajane, watoto na wazee ambao Kiingereza cha barua za Idara hawakipati hata wakisomewa mara tatu.

Sisi tunashughulika na madai haya na tunayajua fomu kwa fomu. Ombi letu la kwanza ni dogo: kila barua ya Idara inayokwenda kwa familia iliyoko Afrika Mashariki iambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Humu tunaeleza ukurasa huo useme nini. Na pale ambapo karatasi haiwezi kusaidia, tunakuomba uamuzi.

Uanze na kile sheria ilichokwisha kutoa. Sheria ya PACT, ile ya wanajeshi waliodhuriwa na moshi na sumu nyingine kazini, ilisainiwa tarehe 10 Agosti 2022. Kwa aliyetumikia mahali palipotajwa, katika kipindi kilichotajwa, ugonjwa ulio kwenye orodha huchukuliwa kuwa umetokana na utumishi, na mgonjwa hadaiwi barua ya daktari ya kuthibitisha kwamba moshi ndio uliomuumiza. Kwa Somalia, Iraki, Kuwait, Saudi Arabia, Bahrain, Qatar, Oman na Falme za Kiarabu, kipindi kinaanza tarehe 2 Agosti 1990. Kwa Jibuti, Afghanistan, Misri, Yordani, Lebanoni, Syria, Yemen na Uzbekistan kinaanza tarehe 11 Septemba 2001. Magonjwa ni pamoja na pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi, mkamba sugu, emfisema (kuharibika kwa vifuko vya hewa vya mapafu), kovu la mapafu, sakoidosi (vinundu vya uvimbe kwenye mapafu na tezi), mafua sugu na sinusitisi sugu (uvimbe wa mianya ya pua), na saratani nyingi: za ubongo, figo, kongosho, njia ya chakula, njia ya hewa, viungo vya uzazi, limfoma (ya tezi) na melanoma (ya ngozi). Januari 2025 Idara iliongeza leukemia (saratani ya damu), mieloma (ya uboho) na saratani ya kibofu cha mkojo.

Basi mdai ana mambo mawili tu ya kuthibitisha: kwamba alikuwa mahali pale, na kwamba ugonjwa upo. Kila moja lina shimo lake.

Mahali huthibitishwa kwanza kwa DD-214, karatasi ya kuachiwa jeshi. Wengi husoma jina na tarehe wakaishia hapo. Lisomwe sanduku la 12f (muda wa utumishi wa nje), la 13 (medali) na hasa la 18 (maelezo), ambamo nchi na tarehe huandikwa. Aliyekuwa kambini kwake Ulaya akatumwa Jibuti kwa wiki sita anaweza asiikute Jibuti popote kwenye karatasi hiyo. Huyo atafute amri ya safari, hati ya mshahara ya miezi ile inayoonyesha malipo ya hatari, tathmini ya utendaji inayotaja kambi, au cheti cha pongezi chenye jina la mahali. Akikosa vyote, mwenzake wa kikosi aandike ushahidi kwenye fomu 21-10210, ataje kambi, miezi na kazi waliyofanya. "Tulikuwa wote" peke yake haitoshi.

Ugonjwa ndio mgumu zaidi kwa wanaotibiwa huku, na hapa tunaomba uangalie kwa makini. Mtu akikohoa miezi miwili Mwanza au Nakuru, kitu cha kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu, na kwa nchi zetu hilo ni sawa kabisa. Lakini sakoidosi hufanana nacho mno: picha ya kifua yenye tezi zilizovimba, homa, kukonda, uchovu. Mgonjwa ambaye makohozi yake hayakuonyesha vimelea anaweza kuanzishiwa dawa za kifua kikuu za miezi sita kwa kuangalia picha tu, asipone, na faili lake likabaki na neno "kifua kikuu" mwanzo hadi mwisho. Kinachotenganisha magonjwa haya ni kipande cha nyama kutoka kwenye tezi au pafu kupimwa maabara: sakoidosi huonyesha vinundu vya uvimbe visivyo na uozo katikati, wala vimelea havionekani. Ukurasa wa Kiswahili umwambie mgonjwa aombe kipimo hicho, atunze jibu lake, na aeleze kwa daktari kwamba alifanya kazi karibu na mashimo ya moshi, maana hataulizwa. Na wachunguzi wa madai waelekezwe kwamba neno "kifua kikuu" kwenye rekodi ya Afrika Mashariki, pasipo jibu la maabara, lisifunge mlango wa sakoidosi.

Ipo pia bronkiolitisi ya kubana, ambamo vijia vidogo kabisa vya hewa hugeuka makovu. Kipimo cha kupuliza kinaweza kutoka sawa, na picha ikawa safi, huku kijana aliyekuwa akikimbia maili mbili akihema kwenye ngazi. Mara nyingi haithibitiki bila upasuaji wa kutoa kipande cha pafu. Hatumshauri mtu akatwe ili apate fidia. Tunachoshauri ni kwamba asikate tamaa kwa sababu ya kipimo kimoja kizuri. Aangalie kama ana pumu au sinusitisi, ambazo zimo kwenye orodha ileile na hupimika kwa urahisi. Kwa pumu, kipimo cha kupuliza kifanywe kabla na baada ya dawa ya kuvuta, na rekodi iseme wazi kama dawa hiyo hutumiwa kila siku, kwa kuwa matumizi ya kila siku ndiyo yanayompa kiwango cha ulemavu cha asilimia 30. Daktari akiandika "aendelee na dawa" bila kusema ipi na mara ngapi, kiwango hicho hakina pa kushika.

Kwetu mgonjwa hutembea na daftari lake la kliniki, na kuna hospitali ambazo hazibaki na nakala. Kila ukurasa upigwe picha siku hiyohiyo, pamoja na jalada lenye jina na namba. Daftari likinyeshewa, ushahidi umekwenda.

Sasa tarehe. Fomu 21-0966, ya kutangaza nia ya kudai, haihitaji ushahidi wowote. Inamshikia mdai tarehe ya kuanzia malipo kwa mwaka mmoja. Aliyeituma tarehe 3 Machi, akaleta dai kamili kwenye 21-526EZ mwezi Januari unaofuata, akishinda huhesabiwa tangu Machi ile. Akingoja hadi Aprili ya mwaka wa pili, miezi kumi na mitatu imepotea. Kuna watu walioandikishwa kwenye daftari la Idara la waliovuta moshi wa mashimo, au walioulizwa kliniki maswali ya kupima kama walikutana na sumu, wakaamini wamekwisha kudai. Daftari lile si dai, wala maswali yale si dai. Tungependa sentensi hiyo iandikwe kwa herufi nene.

Dai hili halina tarehe ya mwisho. Iliyopita ni tarehe 14 Agosti 2023, mwisho wa muda ambao mdai angeweza kurudishiwa malipo hadi siku sheria iliposainiwa. Vishoka huitumia tarehe hiyo kutisha watu: "muda umekwisha, ila mimi nina njia." Sheria ya Marekani hairuhusu mtu yeyote kutoza ada ya kuandaa dai la kwanza. Wakili au wakala mwenye idhini ya Idara anaweza kutoza baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, na ada inayozidi theluthi moja ya malimbikizo huchukuliwa kuwa imepita kiasi mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwakilishi wa chama cha wanajeshi, anayeteuliwa kwa fomu 21-22, hatozi kitu. Anayetaka neno la siri la akaunti ya mdai, au asilimia ya malipo ya kila mwezi, afukuzwe.

Dai likikataliwa, mdai ana mwaka mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua, na njia ni tatu: 20-0995 kwa mwenye ushahidi mpya (hii hupokelewa hata baada ya mwaka, ila tarehe ya awali hupotea), 20-0996 kwa anayetaka afisa wa juu aupitie ushahidi uleule, na 10182 kwa anayekwenda kwenye Bodi ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani. Kosa la kila siku ni kuchagua 20-0996 kisha kubandika jibu jipya la maabara. Jibu hilo halitasomwa katika mapitio hayo. Mwenye karatasi mpya achukue 20-0995.

Mheshimiwa Waziri, tumefika kwa wajane.

Mjane hudai kwa fomu 21P-534EZ. Akiileta ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya mwezi wa kifo. Mume akifa dai lake likiwa bado halijaamuliwa, mjane anaweza kushika nafasi yake kwa fomu 21P-0847, hiyo nayo ndani ya mwaka. Hebu ufikirie mwaka huo kwetu: matanga, eda kwa Waislamu ya miezi minne na siku kumi, arobaini, ugomvi wa shamba, safari za kwa msajili. Barua ya Kiingereza iliyowekwa kabatini hadi mtoto arudi kutoka shule ya bweni inaweza kula nusu ya muda.

Kisha vyeti. Cheti cha kifo kikisema tu "moyo ulisimama", hakijasema kitu, kwani moyo wa kila marehemu umesimama. Daktari aandike chanzo cha msingi: saratani gani, ugonjwa gani wa mapafu. Familia iombe hivyo kabla ya cheti kuandikwa, maana kukirekebisha baadaye ni kazi ya miezi.

Ndoa ndiyo inayowatesa wengi bila sababu. Kanuni ya Idara yenyewe inakubali ndoa iliyo halali kwa sheria za mahali wanandoa walipokuwa wakiishi walipofunga. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za kimila na za Kiislamu. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inazitambua pia, na kifungu chake cha 160 kinawachukulia kuwa wanandoa watu walioishi pamoja kama mke na mume kwa miaka miwili, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cheti cha kadhi au cha kanisa kitumwe kikiwapo. Kwa ndoa ya kimila isiyo na cheti, watu wawili au zaidi walioshuhudia waape, wataje siku, mahali, majina kamili ya wahusika na sherehe yenyewe. Kiapo kinachosema "tunawajua ni mke na mume" hakielezi ndoa ilifungwaje. Hati za Kiswahili zitumwe pamoja na tafsiri.

Na majina. Mtu wa kwetu ana jina lake, la baba na la babu. Fomu za Kimarekani humfanya babu kuwa jina la ukoo, na mke wake hana jina hilo popote. Mwana wa ndoa hiyohiyo anabeba jina la baba kama la mwisho. Watatu wa nyumba moja, majina ya mwisho matatu. Mdai aeleze hilo mapema kwenye 21-4138, kwa mistari mitano, na ambatisho la vyeti vya kuzaliwa, kabla faili halijasimama. Tunaomba nawe uwaelekeze maafisa wako kwamba tofauti hiyo ni desturi ya majina yetu na isichukuliwe kuwa dalili ya udanganyifu.

Limebaki moja ambalo hakuna fomu inayolitatua. Jibuti imo kwenye orodha, Somalia imo, Kenya haimo. Wanajeshi wa Marekani wamekuwa Manda Bay, kaunti ya Lamu, kwa miaka mingi. Shambulio la tarehe 5 Januari 2020 liliua Wamarekani watatu hapo. Aliyeugua mapafu baada ya kutumikia Manda lazima athibitishe mwenyewe kwamba alivuta sumu, na apate daktari atakayeandika kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi ni angalau nusu kwa nusu, pamoja na sababu zake. Mwenzake wa Jibuti hadaiwi hayo. Sheria ya PACT, baada ya kutaja nchi za tangu 11 Septemba 2001, inakuachia wewe kuongeza nchi nyingine utakayoona inahusika. Tunakuomba utumie fungu hilo kuanzisha uchunguzi wa Manda: taka ziliteketezwaje na wapi, vipimo vya hewa vilichukuliwa lini, kumbukumbu zake ziko kwa nani. Majibu yachapishwe, yawe yanatupendelea au la, ili mgonjwa ajue kama anangoja orodha ibadilike au aanze leo kutafuta daktari wa kumwandikia.

Wako kwa heshima,

Wasaidizi wa madai ya wanajeshi wazungumzao Kiswahili,
Marekani, Kenya na Tanzania