Musa, hiyo kubwa iache huko

Nairobi, Jumapili jioni

Ndugu yangu Musa,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima na joto la Dubai halijakumaliza. Sisi hapa Donholm tu wazima, na Baba Njeri bado anahamia Kitengela mwezi ujao, kama kila mwezi. Hayo tutayaongea ukija.

Nakuandikia mbiombio kwa sababu ya ile picha uliyonitumia jana, helikopta ya rimoti ya yule mwenzako wa kazini anayerudi kwao. Nimeitazama mpaka macho yakauma. Ni nzuri, na bei ni ya kutupa, lakini tafadhali usiilipe.

Utasema naogopa. Sawa, naogopa. Hiyo ni saizi ya 450: kila panga, yaani ubawa unaozunguka juu yake, lina urefu wa milimita kama 325, na yanazunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika. Tena ni ile aina ambayo mapanga hubadilisha mlalo wake angani, ndiyo maana inaweza kuruka hata kichwa chini. Mimi kichwa chini sitaki, Musa! Nataka itulie hewani mahali pamoja bila kumkata mtoto wa mtu. Mwaka 2013 kule Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe, naye alikuwa mzoefu. Sasa fikiria mimi mgeni, kwenye uwanja wa shule ya msingi, na unawajua watoto wa mtaa huu wakiona kitu kinaruka...

Wala usihamie upande wa pili ukaniletea ya rota mbili, yaani seti mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, kama ya Otis. Ile inajituliza yenyewe, kwa kuwa rota moja inazunguka huku na ya pili kule, kwa hiyo mwili haupati wa kuuzungusha. Sebuleni ni raha tupu. Itoe nje, kaupepo kadogo tu, inakwenda zake kwa jirani.

Ninayotaka ni ya katikati: ndogo, nyepesi, rota kuu moja na ya mkia, chaneli nne (juu na chini, mbele na nyuma, ubavuni, na mkia), mlalo wa mapanga usiobadilika, na jairo, kile kihisi cha kuushika mkia usizunguke. Ikianguka kwenye nyasi unaiokota, unapangusa vumbi, unaendelea. Ile kubwa ikianguka shafti imepinda, gia imeng'oka meno, na mapanga ndiyo kwaheri. Nilimwuliza fundi wetu wa Luthuli Avenue kuhusu shafti ya helikopta. Alicheka kwanza, halafu akaniuliza kama ni ya kusagia unga.

Ukiipata, ijaribu kabla hujatoa pesa, betri ikiwa imejaa. Huko kwenu ni usawa wa bahari. Hapa tuko kama mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi na mapanga hayapati cha kushika. Ikihitaji gesi, yaani nguvu ya mota, karibu yote ili inyanyuke huko, hapa itabaki chini ikitimua vumbi. Betri za ziada usizitie kwenye sanduku. Za lithiamu unabeba mkononi, ncha zake umezifunika kwa selotepu.

Mazoezi nimeshaanza, kwenye simuleta, programu ya kuigiza kuruka, katika kompyuta ya kina Njeri. Mkia ukiwa upande wangu naituliza vizuri tu. Ikigeuka ikanitazama usoni, kushoto kunakuwa kulia na vidole vinagoma. Njeri ameniambia, "Anko, usifikirie. Inakolalia, ndiko sukuma fimbo ya rimoti." Na kweli, ikianza kulala upande wa kushoto wangu nasukuma kushoto, inainuka. Mtoto wa Gredi ya 7! Babake hata kuiwasha hajui.

Lakini ile kubwa, Musa, narudia, hata akikupunguzia. Hata akikupa bure. Naijua roho yako ukisikia bure.

KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, nitakwenda kuuliza mwenyewe wanataka karatasi gani, kabla hujanunua chochote. Uwanja wa ndege wa JKIA si mbali na hapa, na sitaki maneno na watu wa anga wala wa forodha.

Sasa niambie: yule jamaa umeshamjibu, au umeshampa kitu kidogo cha kumshika? Hiyo ndogo huko inauzwaje, na duka linauza mapanga na gia za akiba? Rimoti zao gesi iko mkono wa kushoto? Maana ndivyo nilivyojifunza. Unatua tarehe ngapi, nije na gari la Otis au utachukua teksi? Na zile tende za mama umezikumbuka? Ananiuliza mimi kana kwamba ndimi niliyeahidi.

Wako,
Ochi