Anayeuliza akichekwa, ujuzi hubaniwa

Ndugu Mhariri,

Wakubwa wa kazi wakiona watu wao hawapeani ujuzi, aghalabu hununua programu ya kuhifadhi nyaraka, kisha hutoa waraka: kila mmoja aandike anachokijua. Ukiifungua programu hiyo baada ya miezi michache, utakuta fomu za likizo na kumbukumbu za vikao. Kile anachokijua fundi wa zamu ya usiku kuhusu mlio wa beringi ya mashine inayokaribia kufa hakimo. Wengine huongeza zawadi kwa kila andiko, na hapo ndipo takataka hujaa zaidi, kwani kinacholipwa ni wingi.

Kubania ujuzi kuna sura zake. Mtafiti Catherine Connelly wa Kanada na wenzake walizieleza tatu mwaka 2012, na kwa lugha yetu tungeziita kujitia hamnazo, kupiga chenga ("nitakuonyesha kesho") na kutoa udhuru ("nimekatazwa kusema"). Udhuru huenda ukawa wa kweli. Hizo mbili nyingine hustawi pale ambapo wenzako ni washindani wako. Mkiwapanga watu wa kitengo kimoja kwa alama, wa kwanza hadi wa mwisho, kisha mkawataka wafundishane, mnamtaka mtu ajipunguzie mkate kwa mkono wake.

Hali ya hewa ya kikosi hujulikana mtu anapouliza jambo "la kijinga". Akichekwa mara moja tu mbele ya watu, hatauliza tena, na waliokuwapo nao wamejifunza. Mtafiti Amy Edmondson alipochunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996, alikuta wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi. Maelezo yake ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema. Kwa hiyo meneja anayejivunia daftari la hitilafu lisilo na hata mstari mmoja ana kila sababu ya kukosa usingizi.

Lakini usalama huo wa kusema bila woga peke yake hautoshi. Mtafiti William Kahn, mwaka 1990, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu ajitie kazini kwa moyo: aone kazi ina maana, asiogope kuadhibiwa kwa kuwa yeye mwenyewe, na awe na nguvu zilizobaki. Hili la tatu husahauliwa. Kikosi kinaweza kuwa na upendo tele, na bado mtu aliyemaliza saa 12 mfululizo hatasimama kumweleza mwenzake chochote.

Pa kuanzia ni makabidhiano ya zamu. Zitengwe dakika 15 ndani ya saa zinazolipwa. Zikiwa nje, anayetoka atasema "kila kitu sawa" huku begi liko begani. Wakutane penye mashine au faili lenyewe, si ofisini. Anayetoka aseme kilichobaki, na hasa alichojaribu kikashindikana, maana hicho hakiandikwi popote na zamu inayofuata hukirudia kwa gharama ileile. Anayepokea arudie kwa maneno yake mwenyewe. Sehemu hii huonekana ya kitoto na ndiyo ya kwanza kurukwa, ingawa hapo ndipo hugundulika kwamba "valvu ya kushoto" ya mmoja ni ya kulia kwa mwingine.

Msimamizi naye asitangulie kusema. Akishatoa maoni yake, waliobaki watayaunga mkono tu. Akiuliza "kuna tatizo?" atajibiwa "hakuna". Aulize "leo umeona nini ambacho hukukitegemea?" Likitokea kosa, aanze na "ilikuwaje?", siyo "ni nani?" Uzembe wa makusudi ubaki na adhabu yake, ila mpaka kati yake na kosa la kawaida utangazwe mapema, siyo siku ya ajali.

Jambo moja huwavunja moyo wengi: utaratibu huu ukianza kushika, taarifa za makosa hupanda kwanza. Ni yaleyale yaliyokuwa yakifichwa. Mkuu akigutuka hapo na kuandika barua za onyo, wafanyakazi watafunga midomo, na safari ya pili kuwafungua itakuwa ndefu kuliko ya kwanza.

Wasomaji wenu