Risala ya askari wastaafu kwa mgeni rasmi, hafla ya kuwaaga vijana wanaokwenda JKT, Mikindani

Mheshimiwa mgeni rasmi, afande Meja, mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti wa kikundi chetu, masheikh na wachungaji mliofika, wazee wenzangu, akina mama wajane wa askari wenzetu, na nyie vijana wa form six mnaokwenda JKT kwa mujibu wa sheria, asalaam aleikum, bwana asifiwe, na wale mliokuja kwa ajili ya pilau tu nawasalimu pia maana na nyie ni watu.

Awali ya yote tunamshukuru Mungu kutufikisha leo. Pia tunakushukuru afande kwa kuitika mwaliko wetu, tena umekuja na gari lako mwenyewe na mafuta yako mwenyewe, sio gari la kikosi. Wazee wameliona hilo kabla hata hujazima injini, wakaanza kunong'onezana hapo chini ya mwembe.

Afande, mimi ndio katibu. Nimestaafu na cheo cha sajenti, kwa hiyo risala hii imeandikwa na mtu ambaye muda mwingi alikuwa anapokea amri kuliko kutoa. Mwenyekiti alipoambiwa mgeni rasmi ni ofisa akasema tuandike kuhusu uongozi na wajibu wa maofisa, nikamwambia mwenyekiti mimi ofisa sijawahi kuwa hata siku moja, akasema ndio maana nakupa wewe.

Kikundi chetu kwa kifupi tu, tupo askari wastaafu na wajane, tulianza na kuweka na kukopa, tukaongeza shamba la mikorosho na mizinga ya nyuki, nyuki wanaendelea vizuri, mikorosho inategemea salfa ya kupulizia imefika lini. Hayo mengine yapo kwenye daftari na daftari lipo wazi.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe.

Kamisheni mnapewa na Amiri Jeshi Mkuu, tunajua, kijana anatoka chuo cha maofisa Monduli na nyota yake moja begani, mama yake analia kwa furaha, wajomba wanapiga picha. Ila kuna kamisheni nyingine ofisa anapewa na platuni, yaani askari wenyewe anaowaongoza, na hiyo haina gwaride wala bendi, inatolewa usiku askari wakipiga soga kwenye mahema, wanasema huyu dogo yuko sawa, au wanasema huyu dogo atatuua. Na ukishasemwa ni wa kutuua inachukua muda mrefu sana kuifuta hiyo, hata ukiongezewa nyota.

Naomba nitoe kisa changu, na nakitoa mbele ya vijana hawa makusudi maana kosa lilikuwa langu pia. Miaka mingi iliyopita nikiwa koplo tuliletewa luteni usu mbichi kabisa. Wiki ya kwanza alipanga njia ya kupita, nikamwambia afande huko kuna tope gari halipiti, akanijibu mbele ya askari wote, "Koplo, nikitaka ushauri wako nitakuita." Watu wakacheka. Mimi nikasema ndio afande, lakini moyoni nikaliweka.

Wiki ya pili tukaenda zoezi la usiku, tunatembea kwa ramani na dira, hakuna tochi, hakuna kuongea. Tukafika njia panda yenye mbuyu mkubwa, luteni akaangalia dira yake akashika kushoto. Mimi nilijua ni kulia. Nilishapita pale mara tatu. Nikanyamaza, tena nilinyamaza kwa raha zangu, nikasema acha aende akaumbuke kwa kamanda wa kombania ndio atajua koplo ni nani. Basi tukatembea, tukatembea, saa nane usiku tupo ndani ya korongo ambalo kwenye ramani hata halipo, na askari mmoja mgeni, kijana wa Masasi, akatumbukia kwenye shimo mguu ukageuka. Ulivimba mpaka buti ikabidi tulikate kwa kisu. Na kwa sababu zoezi la usiku hakuna kelele yule mtoto hakulia kwa sauti, aliuma mkanda wa kofia yake mpaka ukakatika. Mimi ndio nilimbeba mgongoni, na njia nzima pumzi yake ilikuwa inanipiga hapa sikioni. Ile pumzi naisikia mpaka leo afande.

Asubuhi kamanda wa kombania akauliza imekuwaje. Luteni akakaa mguu sawa akasema, "Nimepotea mimi afande, askari hawana kosa." Basi, hakusema ramani ni ya zamani, hakusema giza, hakutaja mtu. Baadae akanifuata nyuma ya lori akaniuliza, koplo ulikuwa unajua? Nikamwambia nilikuwa najua. Nilitegemea anipeleke kwa sajenti meja nikaozee huko. Akakaa kimya muda mrefu anachezea dira yake, alafu akasema, "Siku nyingine niambie, hata kama nilishakukatalia." Toka siku ile kila njia panda tukifika alikuwa anasimama, anageuka nyuma ananitafuta kwa macho. Amri bado ilikuwa yake, akisema kushoto ni kushoto, ila aliangalia nyuma kwanza.

Sasa watu wakiongelea uongozi wanamuongelea yule aliyetangulia tu, sisi wa nyuma tunaonekana kama mkia. Lakini mfuasi naye ana kazi yake, na kazi hiyo sio kusema ndio afande peke yake. Mfuasi anayejua shimo lilipo akanyamaza huyo sio mtiifu, huyo ni mnafiki, na mimi nilikuwa mnafiki usiku ule. Na ofisa anayewafunga watu midomo ajue kwamba amejipofusha mwenyewe, maana amri inashuka kutoka juu lakini habari inapanda kutoka chini.

Vijana labda hamjui, jeshi letu hili lenyewe lilizaliwa kutokana na jambo la namna hiyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, ndio jeshi la nchi wakati ule, kambi ya Colito, ndio Lugalo ya leo pale Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mshahara uongezwe na maofisa wa Kiingereza waondoke, maana nchi ilishapata uhuru lakini anayetoa amri kambini bado ni mzungu. Madai yenyewe ukiyasikiliza yana maana, mimi sio wa kuyacheka. Ila njia waliyochukua ilikuwa mbaya, kukamata maofisa kwa bunduki, mji ukaingia vurugu watu wakafa, Mwalimu Nyerere ikabidi aombe Waingereza wale wale waje kutuliza, na tarehe 25 wakashuka. Fikiria aibu ile. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 ndio ikazaliwa JWTZ. Kwa hiyo afande ukiona askari wako wana kinyongo cha posho au cha likizo usiseme ni mambo madogo, kaa nao usikilize mapema, na askari nao wakiwa na lao waseme kwa njia yake, sio kwa mtutu.

Hapa kwetu kusini pia kuna somo, na wengi tunapita juu yake na basi la Masasi bila kujua. Pale Mahiwa, jirani na Nyangao, Oktoba 1917 Wajerumani na Waingereza walipigana siku nne, moja ya vita vikali kuliko vyote vilivyotokea Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kamanda wa Wajerumani, Von Lettow-Vorbeck, alishinda pale, habari zikafika kwao akapandishwa cheo kuwa meja jenerali, na mwezi uliofuata akavuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji. Jina lake lipo kwenye vitabu vyote. Lakini waliopigana pande zote mbili wengi walikuwa watu weusi, na waliobeba mizigo ndio kabisa, wapagazi waliotolewa vijijini kwa nguvu, wakafa kwa njaa na magonjwa kuliko hata kwa risasi. Nani anajua jina la mpagazi mmoja? Hata mmoja. Mimi huwa nasema, na wenzangu wananiona nina maneno mengi, kwamba ofisa akipandishwa cheo usiku ule asilale mpaka amekumbuka majina ya watu wake angalau kumi.

Mzee wetu mmoja hapa, yule mwenye kofia ya kijani, alikuwa mgambo, akaingizwa vitani baada ya Mwalimu kutangaza tarehe 2 Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Anasema kapteni wao baada ya kuvuka mpaka kule Uganda alikuwa na tabia moja. Chakula kikiiva yeye anasimama mwisho wa foleni na sahani yake, na akifika kwenye sufuria hapakui kwanza, anainamisha sufuria anaangalia chini kimebaki nini. Kikiwa kimebaki ukoko anajua watu hawajashiba, anakula ukoko alafu anaenda kumtafuta mtu wa stoo. Na jioni anawavulisha mabuti anapita na kuangalia malengelenge ya miguu, mmoja mmoja, miguu ya watu ambao wiki chache nyuma walikuwa wanalima mihogo. Mzee anasema hotuba za yule kapteni hakumbuki hata moja. Sufuria anaikumbuka.

Kuhusu utii nisieleweke vibaya. Vijana mtakapofika kambini mtaamshwa alfajiri kwa filimbi, mtakimbia mchakamchaka, mtaambiwa geuka mtageuka, hapo hakuna mjadala, na msije mkasema katibu wa Mikindani alituambia tuhoji. Kwata ni kwata. Lakini sheria inataka utii kwa amri halali, na neno halali halikuwekwa pale kwa urembo. Kozini tulifundishwa habari za kijiji cha My Lai huko Vietnam, tarehe 16 Machi 1968, askari wa Marekani waliua mamia ya wanakijiji wasio na silaha, wazee, wanawake na watoto. Luteni mmoja, Calley, alishtakiwa akajitetea kwamba alikuwa anafuata amri, mahakama ya kijeshi ikamtia hatiani. Siku hiyo hiyo rubani wa helikopta, Hugh Thompson, aliona kinachoendelea akatua katikati ya wanakijiji na askari wenzake, akawaambia vijana wake kwamba hawa wakiwapiga risasi raia na nyie wapigeni. Akaokoa watu. Nishani ya jambo lile alipewa 1998, miaka 30 baadae, na katikati hapo aliitwa msaliti na kutishiwa maisha. Nayasema haya ili ofisa kijana ajue kwamba kutii na kukataa vyote vina gharama na hakuna atakayemlipia.

Na hilo linanileta kwa raia. Sisi tunaishi na mpaka hapa, Ruvuma sio mbali. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilivamiwa na watu wenye silaha kutoka ng'ambo, mnajua wenyewe. Mahali kama hapa anayemuona mgeni wa kwanza ni mama anayechota maji au mvuvi mwenye mtumbwi wake, doria inakuja baadae. Sasa huyo mama ataenda kumwambia askari kama anamuogopa? Askari aliyempiga mtu teke kwenye kilabu cha uraka, pombe yetu ya mabibo, jana, leo anataka taarifa? Siasa nayo sitaigusa sana, Katiba ibara ya 147 imeshamaliza, mwanajeshi hajiungi na chama ila kura anapiga, na ofisa akivaa magwanda hatakiwi ajulikane mapenzi yake ni ya wapi. Mpira sawa. Hata mimi ni Yanga na kikosi kizima kilijua.

Afande, tuna maombi machache. La kwanza, hapo Naliendele kuna makaburi ya wenzetu waliokufa Msumbiji, tunaomba utusaidie usafiri wa siku moja kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tuwapeleke watoto wa shule wakafyeke na wakasome majina kwa sauti. La pili, wajane wetu wanazungushwa kwenye ofisi fulani kufuatilia mafao, faili linapotea kila wakirudi, sisi hatutaji ofisi ila tunaomba ofisa mmoja tu awe anawasindikiza, maana mlango unaogoma kwa mama mwenye kanga unafunguka haraka kwa mtu mwenye nyota. La tatu ni mizinga 10 ya nyuki, hili hata ukisema baadae tutaelewa.

Na kwa vijana hawa 7 mbele yako tunaomba uwape neno, wewe mwenyewe kwa mdomo wako, sio msaidizi. Mmoja wao ni mjukuu wa yule kijana wa Masasi niliyembeba. Amesimama hapo kulia, anaona aibu, mguu sawa mwanangu.

Pilau ipo tayari afande. Foleni inaanzia kwenye lile turubai la bluu, na wazee wameshavuta viti wamekaa upande ule ili waone utasimama wapi.

Tunaomba kuwasilisha.