Bingwa wa saratani hutegemea chupa ya fomalini

Mhariri,

Tunaunga mkono kwa moyo wote kusomesha madaktari bingwa wa saratani hapa Uganda. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, imetibu wagonjwa tangu 1967 na bado mabingwa hawatoshi. Lakini bingwa huanza kazi na jibu la maabara, na jibu hilo mara nyingi huharibikia wilayani, kipande cha mwili cha kupimwa kinapohifadhiwa vibaya.

Kipande cha titi kikishakatwa, kitiwe mara moja kwenye fomalini (dawa ya maji ya kukihifadhi kisioze) ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, ujazo wake angalau mara kumi ya kipande, katika chupa ya mdomo mpana. Kikae saa 6 hadi 72. Kikitolewa mapema, ndani hubaki kibichi. Kikicheleweshwa kutiwa humo, kipimo cha vipokezi vya homoni, kinachoonyesha kama saratani itasikia dawa za homoni, huweza kudanganya, na mama akakosa tamoksifeni, dawa ya aina hiyo ambayo ingemfaa. Maji ya chumvi si mbadala hata kidogo! Jina na saa ya kukata viandikwe ubavuni mwa chupa, kwani vifuniko hubadilishana.

Kwa hiyo Wizara ya Afya isomeshe wanapatholojia, yaani madaktari wanaosoma vipande hivi maabara, sambamba na mabingwa, na wauguzi wa upasuaji wafunzwe hatua hizi, kuanzia Mbarara, Gulu, Arua na Mbale.

Wahudumu wa maabara,
Kampala