Tuandikieni hesabu ya chokoleti nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kuhusu makala yenu ya lishe iliyomshauri msomaji kwamba, akishikwa na hamu ya kitu kitamu, achague chokoleti yenye karanga kwa sababu "ina protini". Sina ugomvi na mwandishi, na chokoleti yenyewe naipenda. Ugomvi wangu ni na hilo neno "ina". Hata maji ya bahari yana madini. Swali ni kiasi gani, na yamefuatana na nini.

Mimi ni mzazi wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza. Kongosho la mwanangu halitoi insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa hiyo kila anachokula chenye wanga lazima kihesabiwe kwa gramu ndipo tujue sindano iwe ya kiasi gani. Kwetu ganda la chokoleti halitupwi kabla halijasomwa. Wengine huligeuza kwa udadisi tu. Sisi tukikosea kulisoma, usiku huo hakuna wa kulala.

Tuanze na Snickers, maana ndiyo inayokuja kichwani karanga zikitajwa. Ile ya kawaida inayouzwa Marekani ina uzito wa gramu 52.7. Ganda lake linataja kalori 250, mafuta gramu 12, protini gramu 4, na sukari inayokaribia gramu 28. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4 za sukari, kwa hiyo humo mna vijiko saba. Nusu ya uzito wa kitu chote ni sukari. Na ile protini iliyosifiwa? Yai moja la kuku lina gramu 6 hivi za protini kwa kalori 70 na kitu. Anayeitafuta protini ya yai ndani ya Snickers itabidi ale moja na nusu, na hapo atakuwa amemeza kalori 375 pamoja na vijiko vya sukari vinavyopita kumi. Karanga zenyewe ni chakula kizuri sana. Anayezitaka azile karanga.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari inayoongezwa kwenye vyakula, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku, na ikishuka chini ya moja ya ishirini ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, kipimo cha kwanza ni gramu 50 na cha pili ni gramu 25. Chokoleti moja ya namna hii, hata ukiitoa sukari kidogo inayotokana na maziwa, inakifikia kile cha pili kabla hujanywa wala kula kitu kingine siku hiyo.

Hayo ya sukari wengi wanayajua. Kisichosemwa ni mafuta. Gramu ya sukari hutoa kalori 4, gramu ya mafuta hutoa 9. Chukua chokoleti ya maziwa isiyo na karanga wala karameli, ile ya Hershey's ya gramu 43: kalori zake ni kama 220 na mafuta yake gramu 13. Zidisha kumi na tatu kwa tisa, unapata 117. Kumbe zaidi ya nusu ya kalori za kitu tunachokiita kitamu zinatoka kwenye mafuta, na mengi ya hayo ni yale yanayoganda, ambayo madaktari wa moyo wanatusihi tuyapunguze. Ndiyo maana gramu 100 za chokoleti ya maziwa zina kalori zinazozidi 500, wakati gramu 100 za sukari tupu hazifiki 400. Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza nilidhani nimekosea.

Kwa nyumba yetu mafuta hayo si jambo la mezani tu. Siku moja mwanangu alikuwa akicheza na wenzake, sukari yake ya damu ikashuka. Mtu mzima aliyekuwa karibu, kwa huruma na haraka, akampa chokoleti. Nani asiyejua kwamba chokoleti ina sukari? Mtoto akaila yote, akakaa, akazidi kutetemeka. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula kwenye utumbo, na sukari iliyofungwa ndani ya mafuta husubiri zamu yake. Ambaye sukari yake ya damu imeshuka anahitaji gramu 15 hivi za sukari inayoingia upesi, vidonge vya glukosi au juisi, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Tulimpa juisi akapata nafuu, na saa mbili baadaye chokoleti nayo ikafika, sukari ikapanda mpaka tukahitaji sindano. Simlaumu mtu yule hata chembe. Alikuwa amesoma, kama wasomaji wenu, kwamba chokoleti inatia nguvu.

Na neno hilo "nguvu" ningependa wahariri mlipunguze. Tangazo likisema chokoleti inatia nguvu halisemi uongo, kwa kuwa kalori ndizo nguvu. Ila ni nguvu ya kuni jikoni, haijengi ukuta. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Marekani iitwayo Sperry ilitengeneza chokoleti ya karanga ikaibatiza Chicken Dinner, yaani mlo wa kuku. Kuku hakuwamo. Jina lilikuwepo ili mnunuzi ahisi kwamba ameshakula.

Chokoleti iliyokusudiwa kweli kuwa chakula iliwahi kuwepo, na habari zake ni za kuchekesha. Mwaka 1937 afisa wa jeshi la Marekani, Kapteni Paul Logan, aliiendea kampuni ya Hershey akitaka chokoleti ya dharura kwa askari: iwe na uzito wa aunsi nne (kama gramu 113), iwe na kalori nyingi, isiyeyuke kwenye joto kali, na ladha yake iwe nzuri kidogo tu kuliko kiazi kilichochemshwa, la sivyo askari wangeimaliza kabla ya dharura kufika. Wakapika kitu kizito chenye unga wa oti, kalori 600, kigumu hata kukitafuna ni kazi. Askari hawakukipenda, kama ilivyokusudiwa. Nakikumbuka kisa hicho kila ninapoona tangazo likiniahidi vyote viwili kwa pamoja, lishe na utamu.

Sasa nifikie kilichoniuma zaidi katika makala yenu. Mliweka jedwali zuri, mkaandika kalori za chokoleti "kwa mgawo mmoja", yaani kwa kiasi kinachokadiriwa mtu kula kwa mara moja. Mgawo wa nani? Mwaka juzi niliwahi kununua chokoleti moja kubwa, kampuni yake sitaitaja, ambayo mbele ya ganda ilijivunia kalori chini ya 150. Nikahesabu wanga kwa namba za nyuma, nikampiga mtoto insulini, akala. Usiku sukari ikapaa. Nikalirudia ganda kwa miwani: kwa maandishi madogo kuliko mengine yote waliandika kwamba ndani mna migawo mitatu. Mtoto alikuwa amekula mitatu na kupata dawa ya mmoja. Kosa ni langu, sikatai. Lakini nani hugawa chokoleti mara tatu, akaikunja sehemu mbili, akazirudisha kabatini?

Hata ahadi nzuri hupita kwenye tundu hilohilo. Mwaka 2012 kampuni ya Mars, inayotengeneza Snickers, ilitangaza kwamba kufikia mwisho wa 2013 haitauza tena chokoleti yenye kalori zaidi ya 250 kwa mgawo. Ni hatua ya kupongezwa, na ile Snickers niliyoitaja inaishia papo hapo kwenye 250. Ila neno lililobeba ahadi nzima ni "mgawo". Ukiwa na pakiti moja yenye vipande viwili, kila kipande kikiitwa mgawo, ahadi imetimia, na aliyefungua pakiti anaendelea kula mpaka iishe. Mimi pia ningeimaliza.

Sheria zinajaribu. Ulaya, tangu Desemba 2016, vyakula vingi vya kufungashwa lazima vionyeshe kalori na virutubishi vyake kwa gramu 100, jambo linalosaidia sana kulinganisha chokoleti hii na ile, ingawa chokoleti iliyo mkononi mwako haina gramu 100. Marekani wao hufuata mgawo, na kanuni iliyopitishwa mwaka 2016 ikaongeza mstari wa sukari iliyoongezwa, pamoja na safu ya pili inayoonyesha pakiti nzima pale inapobeba migawo miwili au mitatu. Chile, mwaka huohuo wa 2016, hawakutaka hesabu ndefu: walibandika alama nyeusi ya pembe nane mbele ya ganda kwa kila chakula kilichozidi viwango vya sukari, mafuta mabaya, chumvi au kalori. Alama hiyo mtoto asiyejua kusoma anaielewa. Kwangu mimi haitoshi, kwa kuwa insulini haipimwi kwa alama, lakini kwa mzazi mwenye haraka dukani sijaona iliyo wazi kuliko hiyo.

Tena msidhani namba za kwenye ganda ni za mizani ya dhahabu. Kanuni za Marekani huruhusu kalori zilizozidi 50 kukadiriwa hadi kumi iliyo karibu, na chakula hakihesabiwi kuwa na lebo ya uongo mpaka kalori au sukari yake izidi kilichoandikwa kwa zaidi ya asilimia 20. Hiyo 250 inaweza kuwa 290 na hakuna atakayeshtakiwa. Nafikiri ni uvumilivu wa haki, maana karanga hazilingani na karameli haimwagiki sawasawa kila mara. Lakini gazeti likishajua hivyo, liache kuandika kwamba chokoleti fulani ni "nyepesi" kuliko nyingine kwa tofauti ya kalori kumi na tano.

Kuhusu chokoleti nyeusi mliyoisifu, mko sahihi nusu. Yenye kakao ya asilimia 70 hadi 85 ina sukari kama gramu 24 kwa gramu 100, chini ya nusu ya ile ya maziwa, na ina nyuzinyuzi, madini ya chuma na magnesiamu ya kutosha kutajwa. Kalori zake hata hivyo ni karibu 600, kwa sababu kilichoondolewa kama sukari kimerudi kama siagi ya kakao. Nyingi zinazoandikwa "bila sukari" hutiwa maltitoli, kiungo kitamu kinachotumika badala ya sukari, ambacho nacho kina kalori zake, na anayezidisha tumbo litamwambia mwenyewe. Vile vipande vya oti na asali vinavyouzwa kwa picha za wapanda milima nimevipima jikoni kwangu miaka mingi. Vingine ni pipi zilizovaa nguo za michezo.

Ndugu Mhariri, sikuombi muwatishe watu. Mwanangu anakula chokoleti. Anaila baada ya chakula, tukiwa tumeihesabu, na anaifurahia kama mtoto mwingine yeyote. Ninachoomba ni kidogo: mkichapa tena jedwali kama lile, andikeni uzito wa chokoleti nzima jinsi inavyotoka kwenye ganda, halafu kalori zake zote, sukari yake yote na mafuta yake yote. Namba nne tu. Mgawo waachieni wenye viwanda. Na mkipata nafasi ya mstari mmoja zaidi, waambieni wasomaji kwamba mtoto ambaye sukari yake ya damu imeshuka hapewi chokoleti, anapewa juisi.

Wako,
Mzazi Msoma Maganda